Arobaini Ndiyo Kilele

Jubilei za huku kwetu zinajulikana. Hupigwa mahema, huchinjwa ng'ombe, mgeni rasmi huchelewa, kisha husomwa risala inayoanza na historia ya shule au parokia na kuishia kwenye ombi la mabati. Taasisi tunayoisherehekea katika safu hii haihitaji bati hata moja. Haina jengo, haina bodi ya wadhamini, haina mhuri, na aliyeianzisha alikuwa akitafuta tu njia ya kujirahisishia kazi. Tunazungumzia traka: ile namna ya kutunga muziki kwa kuandika herufi na namba katika safu zinazoteremka kwenye kioo cha kompyuta. Traka ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya mashine iitwayo Amiga, na kwa kuwa Amiga ilitimiza miaka 40 tarehe 23 Julai 2025, tunaikata keki kwa niaba ya wote wawili, mama na mtoto.

Wasomaji wanaoijua Biblia watatukumbusha kwamba Mambo ya Walawi, sura ya 25, inataja yubile ya mwaka wa hamsini. Tunalijua hilo. Lakini mashine hizi zinakufa. Baadhi ya matoleo yake yalitoka kiwandani na betri ndogo iliyochomelewa kwenye bodi mama, na betri hiyo, ikizeeka, huvuja alkali inayokula nyaya za shaba taratibu kama mchwa ndani ya mhimili. Tukisubiri 2035 huenda tukafanya jubilei ya marehemu.

Swali la pili tunalitarajia kutoka karibu zaidi, pale sokoni. Tangu lini Munanila, huku kwetu Buha, ikawa na Amiga? Jibu ni kwamba haikuwahi kuwa nayo. Wala Kasulu, wala Kibondo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Kompyuta zilikuwa zimeshaonja hazina ya taifa: Wizara ya Fedha ilikuwa na mashine yake tangu miaka ya 1960, mahesabu yakavurugika, hasara ikawa kubwa, na wakubwa wakaona heri kalamu. Hivyo Amiga ilipozinduliwa mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka na Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, huku milimani tulikuwa na redio za mkulima, betri za kuanikwa juani zirudishe nguvu kidogo, na kwaya.

Ni hiyo kwaya inayotupa haki ya kuandika tahariri hii.

Tuanze na mashine. Amiga ilizinduliwa New York, katika Lincoln Center, kwa mbwembwe nyingi. Mchoraji Andy Warhol alipandishwa jukwaani akamchora mwimbaji Debbie Harry kwa kompyuta, watu wakitazama. Wengi wanaikumbuka kwa jicho lake. Sisi linalotugusa ni koo lake. Ndani ya boksi lile mlikuwa na chipu tatu zilizopewa majina kama ya mabinti wa ukoo mmoja: Agnus, Denise na Paula. Paula, iliyobuniwa na mhandisi Glenn Keller, ndiyo iliyoimba, na ilikuwa na sauti nne. Kabla yake, Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na chipu ya SID ya Bob Yannes, yenye sauti tatu, ambayo ilijitengenezea mlio wake yenyewe kama filimbi. Paula ilifanya kingine. Uliipa mlio uliorekodiwa, uwe wa ngoma, wa gitaa au wa mtu akisema "aa", nayo ikaurudia kwa kasi uliyoitaka. Ukiuendesha haraka, noti hupanda. Ukiuendesha polepole, hushuka. Yeyote aliyewahi kusikiliza kaseti ya kwaya huku betri za redio zikiisha, soprano ikateremka hadi ikawa besi, anaijua kanuni hiyo bila kusoma kitabu.

Miaka miwili baadaye, 1987, kijana wa Kijerumani aitwaye Karsten Obarski alikuwa akitunga muziki wa mchezo wa kompyuta uitwao Amegas. Akajitengenezea kifaa cha kumrahisishia kazi, na kifaa hicho kikatolewa sokoni kwa jina la Ultimate Soundtracker. Hakikuuzika sana. Lakini muundo wa kioo alioubuni haujabadilika hadi leo, na ndio tunaouita taasisi.

Kioo hicho kina safu nne, moja kwa kila sauti ya Paula. Kila safu ina mistari 64 inayohesabiwa kutoka 00 hadi 63. Muziki ukianza, mistari hupanda kama maji yanayovutwa kisimani, na mstari uliofika katikati ya kioo ndio unaolia. Katika kila chumba cha safu unaandika mambo matatu: noti, namba ya ala, na amri. Kwa mfano C-2 01 C40 maana yake ni: piga noti C ya oktava ya pili, kwa ala ya kwanza, kwa nguvu ya 40. Chumba kimoja kinakula baiti 4. Zidisha kwa safu nne, kisha kwa mistari 64, unapata baiti 1,024, yaani kilobaiti moja kamili, bila chenji. Ukurasa huo mmoja, kwa mwendo wa kawaida, unachukua chini kidogo ya sekunde nane. Kurasa zinapangwa moja baada ya nyingine, na kibwagizo kinaandikwa mara moja tu; kikihitajika tena kinaitwa kwa namba yake, kama mchungaji anavyotaja namba ya wimbo kitabuni.

Mmoja wetu alikwenda Munanila na laptop ya mtumba, kioo kimepasuka pembeni, ndani yake ikiwa na programu inayoiga ProTracker, traka ya zamani. Alikuwa ameahidiwa nusu saa na mwalimu wa kwaya mstaafu, mzee aliyefundisha nota vijana wa vizazi vitatu kwa chaki na ubao. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya mzee kusafisha miwani kwa ncha ya koti, laptop ikafunguliwa juu ya benchi la kanisa. Mzee alitazama safu zinavyopanda. Hakuuliza ni kitu gani. Aliuliza: "Besi ni ipi?"

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba watu wetu walikuwa wakiitumia taasisi hii, kwa sura nyingine, kabla haijazaliwa.

Kwaya zetu nyingi hazisomi ile mistari mitano yenye vichwa vya viluwiluwi. Zinasoma sol-fa: herufi d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili kutenganisha mapigo, kistari kuonyesha kwamba noti bado inashikiliwa. Mfumo huo ulikuzwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, akijengea juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ili wafanyakazi na watoto wa shule wasio na kinanda waweze kuimba sauti nne. Wamisionari wakaubeba hadi Afrika, na Afrika ikaufanya wake. Mwaka 1897, huko Afrika Kusini, mwalimu Enoch Sontonga aliandika kwa sol-fa hiyohiyo wimbo ambao tuni yake leo tunasimama wima kuiimba kwa maneno ya Mungu Ibariki Afrika. Wimbo wetu wa taifa, basi, ulizaliwa kama maandishi: herufi, nukta na vistari, kitu ambacho ungeweza kukipiga kwa taipureta.

Na traka ni nini, kama si sol-fa iliyosimamishwa wima? Sauti nne, safu nne. Herufi kwa noti. Hata kistari kipo. Katika traka, mstari usio na noti mpya huonyeshwa kwa vistari vitatu, na maana yake ni ileile ya sol-fa: endelea kushikilia. Mzee aliviona akasema, "Hapo wanavuta," kabla hajaambiwa.

Tofauti nazo aliziona, na hakuzipenda zote. Ya kwanza ilikuwa do. Katika sol-fa, do huhama. Mwalimu hupuliza kifilimbi chake, hutaja ufunguo, na do inakaa pale alipoiweka. Katika traka C ni C, haina mjadala. Ukiona wimbo uko juu mno kwa waimbaji wako, inabidi noti zote zihamishwe, moja moja au kwa amri ya jumla, na oktava zenyewe katika ProTracker ni tatu tu. "Huyu aliyetengeneza hakuwa na kwaya yenye mafua," alisema mzee.

Tofauti ya pili ilikuwa nzito zaidi. Tulikuwa tumerekodi kwa simu waimbaji wanne wa kwaya yake, kila mmoja akivuta "aa" kwa sekunde moja, tukazishusha rekodi hizo hadi kwenye biti 8 jinsi Paula ilivyozipenda. Kila sekunde ilikula kama kilobaiti 8, kwa hiyo kwaya nzima ikaingia katika kilobaiti 32 hivi. Ili noti ndefu isikatike, traka hukuruhusu kuchagua kipande kifupi cha mlio kijirudierudie, mkia ukiunganishwa na kichwa. Ukiunganisha vizuri, sauti haina mwisho. Besi wetu alishika noti ya chini, akashika, akashika. Mzee akasubiri. Mwishowe akauliza kwa wasiwasi wa kweli: "Huyu hapumui?"

Hapumui. Katika sol-fa, nafasi tupu ni kimya. Katika traka, nafasi tupu ni kuendelea, na kimya lazima kiagizwe. Mzee akadai pumzi ziwekwe. Ikabidi tupite safu baada ya safu tukiandika C00, yaani nguvu sifuri, kila palipostahili koma. Kazi hiyo ilikula nusu saa tuliyoahidiwa na nyingine mbili juu yake. Tulipoupiga tena wimbo, ukawa umebadilika. Hatusemi ulikuwa mzuri. Tunasema ulianza kufanana na watu.

Ufundi wa traka wote uko katika umaskini wa namna hii. Amiga 500, iliyouzwa kuanzia 1987 na kuingia majumbani mwa watu wa kawaida Ulaya, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 512 kwa kila kitu: picha, programu, muziki. Sauti ni nne na hazizidi, na kila moja inaweza kupiga kitu kimoja tu kwa wakati. Sasa utapataje ngoma, besi, kinanda cha kodi na mwimbaji? Unaiba nafasi. Ngoma kubwa na besi hukaa safu moja kwa zamu: ngoma inapopigwa besi inanyamaza kidogo, kisha inarudi, na sikio linadhani vyote vilikuwepo muda wote. Kodi ya noti tatu hupatikana kwa amri moja, 047, inayoamuru noti iruke juu nusutoni nne, kisha saba, kisha irudi chini, mara 50 kwa sekunde, hadi noti tatu zichanganyike kama spoku za baiskeli inayokimbia. Ukitaka kodi ya huzuni, andika 037. Tofauti kati ya harusi na matanga ni tarakimu moja.

Mwangwi hauhitaji mashine ya pekee. Nakili melodi kwenye safu ya jirani, iteremshe mistari mitatu chini, ipunguze nguvu, basi. Mtu aliyekulia kwenye mabonde ya Buha, ambako ukimwita mwenzako ng'ambo ya mto unajisikia ukijibiwa na wewe mwenyewe, hahitaji somo hilo.

Na kuna ngoma. Kutoka Munanila hadi mpaka wa Burundi si safari ya kufunga chakula, na ngoma za kifalme za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa ubinadamu mwaka 2014, zina utaratibu ambao mtunzi wa traka angeufahamu mara moja. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoamuru. Amashakwe hushika pigo lilelile bila kuchoka. Ibishikizo huifuata inkiranya inapogeuka. Kila kundi na wajibu wake, na hakuna anayepiga kila kitu. Mtunzi mchanga wa traka hujaza vyumba vyote 256 vya ukurasa, kisha anashangaa kwa nini muziki wake unasikika kama debe la misumari. Mtu aliyewatazama wapiga ngoma hao angemwambia awape amashakwe safu moja, kisha awaache.

Kuna jambo jingine tunalolipenda ambalo wanahistoria wa kompyuta hulipita haraka. Faili ya traka, inayoitwa modi, ina nafasi ya herufi 20 kwa jina la wimbo na herufi 22 kwa jina la kila ala. Ala mwanzoni zilikuwa 15, baadaye 31. Watunzi hawakuandika "ngoma" wala "besi" katika nafasi zile. Waliandika barua. Ala ya kwanza: wimbo huu nimeutunga usiku. Ala ya pili: salamu kwa fulani wa mji fulani. Ala ya tatu: na kwa wote wanaonifahamu. Ndugu msomaji, kama uliwahi kununua kadi za salamu, ukazijaza kwa mwandiko wa kupinda, ukazituma redioni na kukaa kando ya spika wiki mbili ukingoja jina lako, unaelewa kwamba vijana wa Ulaya ya Kaskazini walikuwa wakifanya jambo lilelile, tofauti ikiwa kwamba salamu zao zilisafiri ndani ya wimbo wenyewe. Zilisafiri kwa posta. Disketi moja ya Amiga ilibeba kilobaiti 880, nyimbo nane au tisa hivi, na ilizunguka kutoka mji hadi mji ndani ya bahasha. Wengine walipaka gundi juu ya stempu ili muhuri wa posta ufutike na stempu itumike tena. Posta haikunufaika.

Tumetaja stempu, basi tuitaje na dhambi kubwa, kwa sababu tahariri ya sifa tupu ni tangazo la biashara. Programu ya Obarski ilifunguliwa na watu ambao hakuwapa ruhusa, ikachambuliwa, ikaongezwa ala, ikatolewa upya kwa majina mengine. Ndiyo njia iliyotupa NoiseTracker ya Waswidi wawili waliojiita Mahoney na Kaktus mwaka 1989, na ProTracker mwaka 1990, ambayo ndiyo iliyokuwa Biblia ya wote. Milio nayo ilichotwa kutoka sahani za santuri na vinanda vya bei mbaya bila kumuuliza mtu. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wangekuwa na kazi. Mpaka leo modi nyingi za ala 31 zina herufi M.K. zilizochongwa ndani yake, na watu wazima wenye ndevu bado wanabishana herufi hizo ni za nani. Hatuwezi kuutakatifuza wizi kwa sababu umezeeka. Tunachoweza kusema ni kwamba taasisi nyingi zilizo na mihuri na mabango zilianza kwa mali ya mtu mwingine, na hazikuacha mlango wazi kama hii.

Maana mlango wa traka uko wazi, na hapo ndipo hasa tunapotaka kusimama. Ukipokea wimbo wa mp3, umepokea chungu kilichokwisha chomwa. Unaweza kunywea, huwezi kujua udongo ulikandwaje. Ukipokea modi, umepokea chungu, udongo, maji na mikono ya mfinyanzi. Unaifungua katika traka yoyote, unaona kila noti aliyoiandika, kila amri, kila ujanja wa kuiba nafasi, hata pale alipokosea akaficha. Unaweza kuzima safu tatu ukasikiliza besi peke yake. Watoto wa miaka kumi na minne walijifunza utunzi hivyo, bila mwalimu na bila ada, kwa kufungua kazi za waliowatangulia. Huo ndio ufundi wa kale wa kukaa miguuni pa fundi na kuangalia mikono.

Kilichofuata tutakipitisha mbio. Kampuni ya Commodore, iliyotengeneza Amiga, ilifilisika Aprili 1994. Traka haikuzikwa nayo. Ilihamia kwenye kompyuta za kawaida kupitia Scream Tracker ya Wafini, FastTracker 2 ya Waswidi na Impulse Tracker ya Mwaustralia Jeffrey Lim. Mfini Teijo Kinnunen alitengeneza OctaMED, iliyoibana Paula hadi ikatoa sauti nane, na kwa chombo hicho vijana wa Uingereza walitunga muziki wa kasi uliotikisa kumbi za miaka ya 1990. Mskoti Calvin Harris alianzia hapohapo kabla ya utajiri. Mwaka 2020 Ufini iliuweka utamaduni wote huu wa watunzi na wachoraji wa kompyuta za zamani katika orodha yake ya taifa ya urithi usioshikika, na Ujerumani na Poland zikafuata 2021.

Sasa turudi nyumbani. Tunajua prodyuza yupi wa Tanzania atatuandikia barua: wa singeli. Pale Mburahati, Dar es Salaam, katika studio ya Sisso na nyinginezo za uswahilini, vijana waliokuwa na kompyuta za mtumba na FruityLoops walitengeneza muziki ambao mwaka 2017 lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, iliutoa kwa jina la Sounds of Sisso na dunia ikaduwaa. Hawakutumia traka. FruityLoops, kazi ya Wabelgiji ya mwaka 1997, ni binamu yake: vyumba vidogo vinavyojazwa kimoja kimoja, vikilala kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini tabia ni ileile ya watoto wa Amiga. Chukua kipande kifupi cha taarab, kibane, kikimbize, kirudie hadi kiwe kitu kingine. Wala kasi ya singeli haiitishi traka. Mwendo wa traka wa kuzaliwa ni mapigo 125 kwa dakika, kwa sababu ya namna mashine ya Ulaya ilivyohesabu: miale 50 ya kioo kwa sekunde, miale sita kwa mstari, mistari minne kwa pigo. Andika F03, miale ipungue kutoka sita hadi tatu, na umefika 250. Mnakaribishwa Mburahati.

Ila singeli, kama muziki wetu wote wa sasa, hutufikia huku ikiwa chungu kilichochomwa. Kijana wa Munanila akishuka gulioni anapeleka memori kadi kwenye kibanda, anachomewa nyimbo mia mbili, anarudi nazo mlimani. Anazicheza. Hawezi kuzifungua. Memori kadi ya gigabaiti 2 ingebeba modi elfu 20 za kilobaiti 100 kila moja, elfu 20 za mikono ya mafundi ikiwa wazi, na programu ya kuzifungulia ni ya bure na inakimbia hata kwenye laptop ambayo ofisi yoyote imekwisha kuitupa. Hatusemi kila kijana awe mtunzi. Tunasema kwamba kibanda kimoja tu, katika Kasulu au Manyovu, kikiongeza modi kwenye bidhaa zake, kitakuwa kimefungua shule bila kuomba kibali cha ujenzi. Na walimu wa kwaya, ambao kila mwaka hunakili nota kwa mkono kwenye manila hadi vidole vikakakamaa, wangekuwa wakuu wake wa kwanza, kwa kuwa alfabeti yake wanayo tayari.

Tulimweleza haya mzee wakati jua likizama na wanakwaya wakianza kuingia kwa mazoezi. Hakuonekana kushawishika na habari za Ufini. Alikuwa ameinamia kioo, kidole chake kikifuata safu ya tatu, ya tenor. Akauliza ile 40 iliyoandikwa kila mahali ni nini. Tukamweleza kwamba katika amri zake traka huhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo 40 yake ni 64 yetu, na kwamba nguvu ya sauti huanzia sifuri na arobaini ndiyo kilele, hakuna zaidi ya hapo. Tukaongeza kwa mzaha kwamba kwa hesabu hiyohiyo Amiga, inayofanya jubilei ya miaka arobaini, umri wake ungeandikwa 28, kijana kabisa.

Mzee hakucheka. Alitazama mlangoni, ambako vijana watatu wa sauti ya tatu walikuwa wakiingia kwa kelele, kisha akarudi kwenye kioo.

"Tenor wote mmewapa arobaini?"

Tukakiri.

"Wapeni ishirini," alisema. "Hawa nawajua."